Tushe si herufi: namna programu inapokea maandiko ya klaviye



Wengi kati yetu wanaosoma informatiki wanapenda kutengeneza programu yao wenyewe kwa Windows, mfano ya kuandika liste ya darasa. Ukitumia visanduku vya maandiko ambavyo Windows imekwisha kutayarisha, kazi ni nyepesi. Lakini ukichora kisanduku chako mwenyewe, ni wewe unapashwa kupokea kila herufi. Hapo njo wengi wanapotea.

1. Klaviye haijui kusoma

Ukifinya tushe, klaviye inatuma tu namba ya mahali pa tushe ile. Haijui nini imeandikwa juu yake. Ni Windows inayoangalia tumechagua klaviye gani: AZERTY ya Wafaransa ao QWERTY ya Waingereza. Mahali pa A kwa moja ni mahali pa Q kwa ingine.

2. Habari mbili

Kisha dirisha lile unaloandikia linapata habari WM_KEYDOWN, maana yake: tushe fulani imefinywa. Programu ikiita TranslateMessage, inakuja habari ya pili, WM_CHAR: herufi fulani imeandikwa.

Tuandike Hélène kwa AZERTY. Herufi é iko kwa tushe ya 2, na è kwa tushe ya 7. Kwa é, WM_KEYDOWN inaleta 50, na katika hesabu ya herufi, 50 ni "2". Programu inayoshika namba ile itaandika H2L7NE! Tena herufi zote ni kubwa, juu tushe N iko na namba moja tu, hata ukitaka n ao N. Lakini WM_CHAR inaleta 233, ni é yenyewe.

Na Noël je? Unafinya tushe ya trema, hakuna kitu kinaonekana. Unafinya e, inatoka ë. Tushe mbili, herufi moja. WM_CHAR inaleta ë ikiwa imekwisha kuunganishwa.

3. Kanuni ya kushika

Herufi uzipokee kwa WM_CHAR. Mishale na Delete uzipokee kwa WM_KEYDOWN. Backspace inakuja kwa njia zote mbili: chagua moja, kama sivyo itafuta mara mbili. Kila mara, weka herufi katika maandiko yaliyo ndani ya programu, sogeza alama ya kuandikia, kisha chora kisanduku upya.

Ukihifadhi maandiko kwa UTF-8, é inachukua bayiti 2. Ukifuta moja tu, inabaki nusu ya herufi, nayo haisomeki.

4. Sababu ya kusumbuka hivi

Mwanafunzi ambaye jina lake kwa liste ya mtihani halifanani na lile la cheti cha kuzaliwa, ataombwa kueleza kwa kila ofisi. Atalipa safari, atangoja, na pengine diploma itakawia. Kosa si lake. Ni la yule aliyechukua tushe kama herufi.

Kwa hiyo, mutu anayetengeneza programu ajaribu kwanza Hélène na Noël, kwa AZERTY na kwa QWERTY, afute na kuandika tena, mbele ya kuitia jina la mwenzake.

Kazi njema kwenu.