Kajifungua Nini?

Habari za uzazi zikifika barazani, iwe Mkunazini au Kikwajuni, swali la kwanza ni lile lile: "Kajifungua nini?" Hakuna ajibuye kwamba kajifungua mtu. Linalongojewa ni neno moja tu, mwanamume au mwanamke, na kabla mtoto hajatimiza siku arubaini amekwisha kupangiwa michezo yake, kazi zake, na hata ruhusa yake ya kulia.

Ni ajabu kidogo kwa watu wenye lugha kama yetu. Mwarabu hawezi kusema "amekuja" pasi na kubainisha kama aliyekuja ni wa kike au wa kiume. Mwingereza naye ana maneno mawili. Mswahili husema "amekuja", akatosheka. Waweza kusoma barua nzima ya kumsifu mwalimu, ubingwa wake na huruma yake, ukafika kwenye saini bila kujua kama ni bwana au bibi. Lugha imetuachia mlango wazi; sisi wenyewe ndio tunaoufunga, tena kwa komeo.

Ndugu msomaji asinielewe vibaya. Ndoa, mirathi na safu za sala zina taratibu zake, na makala haya hayazigusi. Ninachouliza ni kwa nini tunaibebesha jinsia uzito mkubwa hata katika mambo ambayo hayakuandikwa popote.

Hivi karibuni nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Mama wa nyumba alikuwa mjamzito, ameamriwa kulala. Kijana wake wa miaka kumi, kwa kumhurumia, alikalia mbuzi akaanza kukuna nazi. Baba alipoingia alimwinua kwa mkono. "Mwanamume hakalii mbuzi," alisema, akamwita dada mtu, mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa akijiandaa kwenda kwenye masomo ya jioni. Binti akaweka mkoba chini. Kijana akatoka kwenda kucheza mpira, nami niliona hakwenda kwa furaha.

Baba huyo ni mpishi Forodhani.

Nilipomwuliza kwa upole, alicheka. "Ile kazi, ndugu yangu. Hii nyumbani." Na kwa kweli, nenda Forodhani baada ya magharibi: wachomao mishikaki, watiao urojo bakulini, wakandao unga wa chapati, wengi wao mno ni wanaume, nao hawaoni haya. Pita mchana katika vichochoro uwatazame mafundi cherehani wa kiume wakishona magauni ya harusi, ilhali wakirudi nyumbani kifungo kilichokatika humngoja mke. Chungu kikilisha nyumba ni cha mwanamke. Kikianza kuingiza shilingi kinaota ndevu.

Kinyume chake kipo mashamba, upande wa mashariki wa kisiwa. Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara Paje na Jambiani mwaka 1989, wanaume nao waliingia majini. Kazi yenyewe ni ya sulubu: kungoja maji ya bamvua yatoke, kukita vigingi, kufunga miche kambani, kuinama saa nyingi chumvi ikila ngozi, kisha kubeba magunia yaliyorowa. Lau nguvu za mwili ndizo kipimo, ingeitwa kazi ya kiume bila ubishi. Lakini bei ilikuwa ndogo. Wanaume wengi wakarejea kwenye uvuvi, wengine wakafuata kazi za mahoteli, na mwani ukabaki mikononi mwa wanawake. Ukiuliza leo utaambiwa kwamba ile ni kazi ya kina mama, kana kwamba bahari yenyewe ndiyo iliyoamua.

Wako waliovuka uzio. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuingia mjini, ambako taarabu ilikuwa shughuli ya wanaume. Aliimba pamoja nao, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipiga msondo, akavuta sigara hadharani, na papo hapo akawa somo wa wanawali katika unyago. Hao tunajivunia. Umaarufu uliwaombea msamaha. Asiye na jina haombewi, hasa akiwa mvulana. Msichana shupavu huitwa jike dume, naye hutabasamu. Mvulana mpole akiambiwa ana mambo ya kike, baba yake hukosa usingizi. Yaani kufananishwa na mwanamume ni sifa, kufananishwa na mwanamke ni tusi, nasi tunatamka hayo mbele ya mama zetu!

Nilimwambia hayo baba yule. Alinyamaza, kisha akasema jambo la kweli: "Mimi nitaelewa. Lakini wenzake mtaani watamcheka, na mimi sitakuwapo." Sikuwa na jibu la haraka.

Adhana ilipokwisha alisali, akachukua aproni yake iliyopigwa pasi akaenda kazini. Binti alikuwa bado juu ya mbuzi, kitabu cha hesabu kimefunguliwa sakafuni mbele yake, akikuna huku akisoma.