Karo kubwa isimnunulie mtoto msamaha

Chukua mfano wa wanafunzi wawili wa shule ya binafsi wanaonaswa na pombe bwenini. Wa kwanza, baba yake aliichangia shule basi. Wa pili anasomeshwa na mfadhili. Wa kwanza anaonywa kimyakimya, wa pili anafungishwa virago. Kosa moja, adhabu mbili.

Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazihusu shule za binafsi pia. Adhabu nzito iliyobaki ni kumsimamisha mwanafunzi au kumfukuza, na hapo ndipo pesa hupenya. Shule inayoishi kwa karo huogopa kumpoteza mlipaji.

Mzazi anayempigia simu mwenye shule hudhani amemwokoa mwanawe. Kumbe amemfundisha kuwa kosa lina bei, na bweni zima limeona.

Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi, uliza ushahidi, dai mtoto asikilizwe, hiyo ni haki yake. Akipatikana na kosa, mwache atumikie adhabu ileile aliyopewa mwenzake.