Sikio Lililotogwa Halitaki Dawa Nyingi

Zamani bibi alimtoga mjukuu kwa sindano ya kushonea na uzi uliochovywa kwenye mafuta. Kidonda kikishapoa, alichomeka kijiti cha ufagio ili tundu lisizibe. Hereni ilikuja baadaye. Leo msichana wa Sinza anaingia saluni mchana na kutoka na matundu matatu: moja kwenye ndewe, moja juu kwenye gegedu, na kipini puani. Fundi anamsindikiza na maagizo: paka spiriti asubuhi na jioni, na uizungushe hereni isigande.

Kwa nia njema kabisa, amemwambia namna ya kuchelewesha kupona.

Ngozi ya tundu jipya hujijenga kuanzia kwenye midomo yake kuelekea ndani. Ndiyo maana nje panaonekana pamepona huku katikati bado pabichi. Ukiizungusha hereni unaikwangua ile ngozi changa, na gamba lililokauka kwenye chuma unalisukumia ndani pamoja na uchafu wake. Spiriti nayo inaua vijidudu na kuunguza chembe changa kwa mkupuo mmoja. Dawa ya meno na majivu sitavijadili. Kinachotosha ni kunawa mikono kwa sabuni, kisha kusafisha mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, na kukausha kwa shashi safi badala ya taulo la familia nzima. Wanaojichanganyia nyumbani mara nyingi huzidisha chumvi, ngozi ikakauka na kupasuka.

Wengi hushtuka wakiona majimaji meupe au ya njano hafifu yakigandia kwenye hereni, wakadhani ni usaha. Katika wiki za mwanzo hayo ni ya kawaida. Usaha ni mzito, mara nyingi unanuka, na huja na maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Vitabu vingi husema utazame wekundu, ushauri usiotusaidia sana sisi wenye ngozi nyeusi. Gusa kwa nyuma ya kidole kilichooshwa, ulinganishe na sikio la pili: je, lina joto, limekaza, limevimba?

Kwenye gegedu mambo ni mengine. Ndewe ina damu ya kutosha na kwa kawaida hupona kwa wiki 6 hadi 8. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Hutegemea utando unaoifunika, hivyo tundu lake huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka, na kinga ya mwili hufika hapo kwa kuchelewa. Sikio la juu likivimba na kuwaka moto huku ndewe ikiwa salama, usiende kununua amoksilini dirishani. Bakteria anayeshambulia hapo mara nyingi ni Pseudomonas aeruginosa, na amoksilini haimwezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana gegedu ikifa sikio hujikunja na kubaki hivyo.

Hapo ndipo ninapogombana na ile mashine ya kutogea inayobanwa kama bastola. Haina ncha kali kama sindano. Inasukuma kipini butu kwa nguvu, na gegedu inaweza kupondeka. Tena nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili mvuke wa kuulia vijidudu, ilhali damu ya mteja aliyetangulia inaweza kubeba homa ya ini au VVU. Sindano yenye uwazi ndani, ya matumizi ya mara moja, inayofunguliwa mbele ya macho yako, ndiyo ya kudai.

Makovu yanayoota kupita mipaka ya kidonda, keloidi, hutupata zaidi sisi Waafrika, na hutembea katika koo. Kabla ya kutoga, mtazame mama, shangazi na kaka. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliotogwa kuanzia umri wa miaka 11 walipata keloidi zaidi kuliko waliotogwa wadogo. Huenda bibi alijua jambo. Lakini si kila kinundu ni keloidi. Kinundu kidogo cha mapema mara nyingi hutokana na msuguano: ushungi unaonasa kipini, rasta mpya zinazovuta hereni, kulalia upande uleule. Kinaweza kunywea ukiondoa msuguano. Keloidi yenyewe ikikatwa tu bila sindano za dawa au matibabu mengine ya kuizuia, huelekea kurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza.

Mwasho usioisha, hasa wenye vipele vidogo, mara nyingi ni nikeli iliyomo kwenye hereni za bei ya chini. Titani ikipatikana, au dhahabu halisi ya karati 14 kwenda juu, ndiyo ya kuanzia. Na mpini wa mwanzo uwe mrefu kidogo, kwa sababu sikio huvimba siku za kwanza. Ukibana sana, kishikizo cha nyuma huzama ndani ya nyama, na hapo kukitoa ni kazi ya zahanati, si ya fundi wa saluni.