Kipakatalishi hakiwaki, huamka

Asubuhi moja muhula uliopita nilisimama mbele ya wanafunzi wapatao 80, nikakiweka kipakatalishi changu kipya mezani, nikabonyeza kitufe, nikangoja. Nilikuwa nimewaahidi kuwasikilizisha sauti za wazee wa Vanga na Wasini wakizungumza Kivumba, lahaja ya Kiswahili ya kusini mwa pwani yetu. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Kufikia ya nne nilikuwa nimekwisha kutoa dibaji yote niliyoiandaa, na nyingine ambayo sikuwa nimeiandaa. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa upole uliowavunja mbavu wenzake, "Daktari, mwacheni alale kidogo, pengine alikesha."

Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha kuazima. Kifaa hicho nilikuwa nimekinunua wiki tatu tu kabla ya siku hiyo, kwa akiba ya miezi minane. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Changu kilikuwa kimebaki kidonda, unyemi wenyewe umekwisha kutoweka.

Jioni yake nikakipeleka kwa fundi mjini. Alikiwasha, akakitazama kwa muda mfupi, kisha akatoa hukumu: "Mwalimu, hii diski imeharibika. Tufute kila kitu, tuweke mfumo upya. Ikikataa, tununue diski nyingine." Kazi ya kwanza ingenigharimu Sh3,000 na ya pili Sh7,500. Mimi, mtu ambaye riziki yake ni kuwauliza vijana maana ya kila neno wanalolitamka, sikumwuliza fundi neno hata moja. Niliona haya kuonekana sijui. Nikaitikia kwa kichwa.

Katika diski hiyo mlikuwamo saa 19 za sauti za wale wazee. Nilikuwa nimezihamisha kutoka kwenye kinasa sauti, nikakifuta kinasa ili nipate nafasi, na nakala nyingine sikuwa nayo. Mmoja wa wazee hao alifariki miezi miwili baada ya kunisimulia habari za uvuvi wa ujana wake. Lau fundi angeianza kazi jioni ile, sauti ya marehemu ingefutika, na mimi ndiye ningelipia ufutaji wenyewe. Kosa la kutoweka nakala ni langu, wala simtwishi mtu mwingine. Kilichoniokoa si shahada zangu. Umeme ulipotea mtaa mzima, fundi akaniambia nirudi kesho, nami nikashika njia gizani, kifaa kwapani.

Nilipofika nyumbani, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuzinakili sauti zile mahali pawili tofauti. La pili lilikuwa kuketi na kulitafakari neno la yule kijana wa safu ya nyuma. Alisema kifaa kimelala. Sisi wengine wote husema kwamba tarakilishi huwashwa, nayo huwaka. Kitenzi hicho ni cha moto na taa. Taa haina hatua. Ama inawaka ama haiwaki. Mtu mwenye kitenzi hicho peke yake, kifaa chake kikichelewa, ana jina moja tu la ugonjwa: hakiwaki upesi. Na mwenye jina moja la ugonjwa huuziwa dawa yoyote.

Waingereza nao walikipa kitendo hiki jina lililotokana na vitanzi vya buti, kwa msemo wao wa mtu anayejiinua kutoka chini kwa kuvivuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Msemo huo una busara yake. Mashine iliyozimwa huhitaji programu ili ifanye kazi, ilhali programu zenyewe zimo katika mashine iliyozimwa. Kwa hiyo programu ndogo huanza, ikaiinua iliyo kubwa kuliko yenyewe, nayo ikaziinua nyingine. Hata hivyo, kwa maoni yangu kijana wetu aliukaribia ukweli zaidi. Kipakatalishi hakiwaki, huamka. Na aamkaye hupitia hatua.

Hatua ya kwanza ni ya kujipapasa. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika kijisehemu cha ubao mkuu wa mashine hukagua kama kumbukumbu, kibodi na diski vipo na vinaitikia. Wakati huo huona nembo ya mtengenezaji tu. Hatua ya pili ni ya kuvaa. Mfumo wa uendeshaji husomwa kutoka kwenye diski na kupakiwa katika kumbukumbu, pamoja na programu ndogo ndogo zinazoendesha kioo, sauti na mtandao. Hatua hii hukoma unapoombwa nywila. Hatua ya tatu ni ya kupokea wageni. Baada ya kuingiza nywila, kila programu iliyojiandikisha kuanza pamoja na mfumo huingia, na zote hutaka kuhudumiwa kwa wakati mmoja.

Nilichukua saa ya mkono, daftari na kalamu, nikakiamsha kifaa mara tatu na kuandika muda wa kila hatua. Wastani ulikuwa huu: sekunde 11 hadi nembo ya mtengenezaji ipite, sekunde 24 hadi niombwe nywila, kisha dakika 4 na sekunde 20 kabla ya kifaa kuniitikia kama kiungwana. Ugonjwa ukawa umejitaja wenyewe. Kulala na kuvaa havikuwa na kasoro. Mlango ndio uliokuwa umejaa wageni.

Msomaji mwenye kifaa kinachotumia Windows anaweza kuwahesabu wageni wake bila kumlipa mtu. Abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Kitafunguka kidirisha kiitwacho Task Manager, nacho kina ukurasa wa programu zinazoanza pamoja na mfumo. Mbele ya kila programu pameandikwa kiasi cha mzigo inaouleta: mkubwa, wa wastani au mdogo. Katika vifaa vingi ukurasa huo huonyesha pia sekunde zilizotumika katika hatua ile ya kwanza, ya kujipapasa. Ukurasa mwingine wa kidirisha hicho huonyesha kama diski au kumbukumbu imelemewa.

Changu kilikuwa na wageni 17. Walinzi wa virusi walikuwa wawili: mmoja wa majaribio aliyekuja na kifaa kutoka kiwandani, na wa pili aliyewekwa dukani kama zawadi. Walinzi wawili wanapolinda lango moja, kila mmoja hupekua kila faili, mara nyingine wakapekuana wenyewe, na mwenye nyumba hukaa nje akisubiri. Isitoshe, Windows huja na mlinzi wake, ambaye huwatosha watu wengi. Palikuwa pia na programu nne za mtengenezaji, mbili za michezo, na nyingine za mazungumzo na za kuhifadhi mafaili katika intaneti. Katika hao wote, wale niliowaalika mimi walikuwa watatu.

Nilimwondoa mlinzi mmoja kabisa, kisha yule wa pili. Wageni wengine tisa nikawazuia kuanza wenyewe, mmoja mmoja, nikiandika jina la kila niliyemzuia ili nikikosea nijue pa kurudi. Zile zinazohusu sauti, kioo na kibodi sikuzigusa. Hapa pana neno la kuangaliwa. Katika tafsiri za Kiswahili za programu nyingi, kitendo hiki cha kuzuia kimeitwa "kulemaza". Mtu mwenye Kiswahili chake cha nyumbani akiliona neno hilo ataogopa kulibonyeza, kwa kuwa kilema hakiponi kwa kubonyezwa tena. Kumbe programu iliyozuiwa haijafutwa wala haijavunjika. Imeambiwa tu ingoje hadi iitwe, na ruhusa yake hurejeshwa kwa kubonyeza palepale.

Baada ya hapo nikachukua tena saa yangu. Hatua ya tatu ilikuwa imeshuka kutoka dakika 4 na sekunde 20 hadi sekunde 31. Sikuwa nimenunua kitu.

Sidai kwamba kila kifaa kizito kina wageni tu. Kama ucheleweshaji uko kabla ya nywila, diski ndiyo ya kushukiwa kwanza. Vipakatalishi kadhaa vilitengenezwa na diski inayozunguka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika, yenye kisomeo kinachorukaruka kutafuta kila kipande cha habari. Diski mpya za aina ya SSD hazina kitu kinachozunguka, na kubadilisha ya kwanza kwa ya pili huleta nafuu kubwa kuliko dawa nyingine yoyote. Kama kumbukumbu ya kazi ni ndogo, mathalani gigabaiti 4, ikijaa mfumo hulazimika kuhamishia mzigo kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Na kama kifaa ni kipya kabisa, siku zake za kwanza huwa za kupakua masasisho na kuyaorodhesha mafaili. Kiache usiku mmoja kikiwa na umeme na intaneti kabla ya kukihukumu.

Hata kitenzi chetu cha kuzima hutupotosha. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, vifaa vingi vinapozimwa haviyaachi yote. Kiini cha mfumo huandikwa kwenye diski ili kesho yake kisomwe upesi badala ya kujengwa upya. Basi kasoro iliyomo katika kiini hicho hulala nacho, ikaamka nacho. Anayetaka mfumo uanze upya kwa kweli hana budi kuchagua amri ya kuanzisha upya, si ya kuzima. Nimewasikia watu wengi wakiapa kwamba wamezima na kuwasha mara kumi bila mafanikio, nao wasemavyo ni kweli.

Haya yananirejesha katika taaluma yangu, na hapa nakiri udhaifu wetu. Kwa miaka mingi sisi wanaisimu tumebishana kama mashine hii iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Kazi ya maana imefanywa pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili, na mwaka uo huo Microsoft ikatangaza mpango wa kuitafsiri Windows katika lugha yetu. Lakini wengi wetu tumepigania nomino, tukavisahau vitenzi. Mwananchi hahitaji sana jina la kukiitia kifaa dukani. Anahitaji maneno ya kueleza kinafanya nini, kimefika wapi na kimekwama kwa sababu gani. Asipokuwa nayo, ataitikia kwa kichwa kama nilivyoitikia mimi, na kitakachofutwa huenda kikawa tasnifu ya miaka mitatu, hesabu za chama cha akina mama au picha za mzazi aliyekwisha kuzikwa.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa fundi yule, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi. Nikamwonyesha daftari langu na zile hatua tatu zenye sekunde zake. Alisoma, akatabasamu. "Mwalimu," akasema, "ungeniambia hivi siku ile, nisingetaja kufuta. Ulisema tu haiwaki haraka." Nilipomwuliza kwa nini naye hakuniuliza, alijibu kwamba wateja wengi hukasirika wakiulizwa maswali, hudhani fundi anayeuliza hajui kazi. Nikaona kwamba sote wawili tulikuwa tumeficha kitu kimoja, kila mtu upande wake wa meza. Mficha uchi hazai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku kifaa chako kipya kitakapokulaza macho, usikimbilie kukifuta wala kukirudisha. Nakili kwanza usichoweza kukipata tena. Pima kila hatua, uiandike. Ukienda kwa fundi, mwambie kinapokwamia, kwa Kiswahili unachokijua, na umwulize atakachokifanya kabla hajakifanya.

Darasa lilipokutana tena, sauti ya mzee wa Vanga ilisikika kabla wanafunzi wa mwisho hawajaketi. Yule kijana wa safu ya nyuma hakusema neno. Alikuwa akisikiliza.