Maradhi ya Fikra Hupimwa Namna Gani?

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Homa hupimwa kwa kipimajoto, na mfupa uliovunjika huonekana kwa eksirei. Lakini askari ashtukaye usingizini, au mjane ashindwaye kula kwa huzuni, hana alama mwilini ambayo daktari aweza kuinyooshea kidole. Hapana budi aulizwe mwenyewe, na kuuliza huko kuna kanuni zake.

Mfano mwema umo katika mji wa Juba, wenye mitaa kama Lemon Gaba. Mwezi wa Novemba 2007, baada ya mkataba wa amani wa 2005 kukomesha vita vilivyoanza 1983, watafiti waliwahoji watu wazima 1,242 mjini humo. Watu hao waliteuliwa kwa bahati nasibu. Mpishi huonja mchuzi wa chungu kizima kwa mwiko mmoja, ila ni lazima kwanza aukoroge. Lau wangaliulizwa wagonjwa wa hospitali peke yao, jibu lingalikuwa la wagonjwa, si la mji.

Wote waliulizwa maswali ya namna moja. Dodoso la kwanza, la Harvard, lilitungwa hapo awali kwa ajili ya wakimbizi wa Indochina waliohamia Marekani. Huuliza mtu amepatwa na misiba gani, kisha kama huota majinamizi au huyakwepa yamkumbushayo. La pili, la Hopkins, huuliza juu ya huzuni, usingizi na hamu ya kula. Kila jibu hupewa alama, kuanzia 1, yaani hapana kabisa, hadi 4, yaani sana.

Ilionekana kuwa asilimia 36 walikuwa na dalili za maradhi yaletwayo na mshtuko, na asilimia 50 dalili za huzuni nzito. Wanaume ndio waliokuwa wamepatwa na misiba mingi zaidi. Hata hivyo dalili zilizidi kwa wanawake. Basi jeraha la vita halikai kwa mshika bunduki peke yake, bali huingia hata jikoni.

Yafaa ifahamike kwamba dalili si hukumu ya daktari. Tena uchunguzi wa mara moja ni kama picha: huonyesha mambo yaendayo pamoja, wala hauthibitishi lipi lilizaa lipi. Na hesabu hizo ni za 2007, kabla ya mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016.

Hata nyumbani kanuni hizo zina faida. Mwenye dalili aulizwe faraghani, kwa maneno mepesi, bila kuharakishwa wala kuchekwa. Dalili zikidumu kupita mwezi mmoja, apelekwe kwa daktari, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.