Bingwa akigeuka mwalimu

Kwetu sisi watu wa pwani, neno chuo lina maana mbili. Kuna chuo kikuu, kile cha majoho na shahada, na kuna chuo cha mtaani, cha mkeka, ubao na alifu. Katika chuo hiki cha pili ndimo wengi wetu tulimofahamu kwamba kusoma ni jambo moja na kusomesha ni jambo jingine. Wako waliohitimu msahafu mapema kuliko wenzao, wakasomewa maulidi na kupikiwa biriani, lakini hawakuweza kumfundisha hata ndugu yao mdogo. Na wako waliopata elimu ya wastani, lakini Mwenyezi Mungu akawajaalia ulimi wa kufahamisha, na mikononi mwao wakatoka mashekhe.

Maneno haya nayaandika nikiwa Eldoret, nilikokuja kwa shughuli za Kiswahili. Mji huu uko mbali na bahari, tena juu, kiasi cha mita 2,100. Ulianza kama shamba nambari 64 katika ramani za walowezi, na ndiyo maana wazee wa huku waliuita Sisibo, wakiitamka hesabu hiyo ya Kizungu kwa ndimi zao. Mwezi wa Agosti 2024 ulitangazwa kuwa jiji. Maji yake makubwa ni mto Sosiani, ambao mtoto wa Lamu akiuona atauliza bahari iko wapi. Hata hivyo, ni hapa, wala si Forodhani, ndipo nilipoanza kufikiri juu ya kuogelea.

Sababu yake ni hii. Asubuhi moja nilitoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, baridi ikinipenya hata chini ya koti, na barabarani nikakuta vijana wanakimbia, kundi baada ya kundi, pumzi zao zikitoka kama moshi. Nilipozungumza na watu wa mjini juu ya vijana hao, sikusikia mtu akiuliza kwanza fulani ana mbio kiasi gani. Waliulizana: anafundishwa na nani? Nikaikumbuka isnadi, ule mlolongo wa wanavyuoni, kwamba fulani amesoma kwa fulani, naye alisoma kwa fulani.

Mfano wa karibu ni Patrick Sang. Huyu alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akapata nishani ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Alikuwa amesoma katika Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata. Lakini aliporudi nyumbani, kijana mmoja wa jirani alimwendea akiomba aandikiwe mazoezi. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, ambaye baadaye alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mara mbili, mwaka 2016 na 2021. Kambi yao iko Kaptagat, nje ya Eldoret. Humo bingwa wa dunia hushika ufagio kwa zamu kama mwanafunzi mwingine yeyote. Mtu aliyepita chuoni kwetu, akafagia ua wa mwalimu na kumchotea maji, hatahitaji kuelezwa maana yake.

WAWILI WA SEOUL

Sasa, msomaji, turudi nyuma hadi mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, Korea Kusini. Vijana wawili walishinda pale, mmoja nchi kavu na mwingine majini, na wote wawili waliishangaza dunia.

Wa kwanza ni Paul Ereng, mzaliwa wa Kitale, mji jirani na Eldoret. Alisoma Starehe, Nairobi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Alikuwa mkimbiaji wa mita 400, na mbio za mita 800 alizianza mwaka ule ule wa 1988. Katika fainali alikaa nyuma mpaka wengi wakamsahau, kisha akawapita mmoja mmoja, wakiwemo Joaquim Cruz wa Brazil na Said Aouita wa Morocco, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 43.45.

Wa pili ni Anthony Nesty wa Suriname. Nchi hiyo iko kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Ilitawaliwa na Waholanzi hadi mwaka 1975, na Waislamu wake si haba, wengi wao wakiwa wa asili ya Java na Bara Hindi. Wajava hao walipoletwa kufanya kazi mashambani, kuanzia mwaka 1890, waliendelea kusali wakielekea magharibi, kama walivyozoea kwao, ilhali Makka sasa ilikuwa mashariki yao. Wako waliogeuka baadaye, na wako walioshika ya wazee wao. Nimeyataja haya kwa sababu yanaonyesha jinsi mazoea yanavyoweza kudumu mahali ambapo hapajatokea mwalimu wa kuyasahihisha.

Nesty alikuwa na umri wa miaka 20. Nchi yake ilikuwa na kidimbwi kimoja tu cha mita 50. Baba yake alimpeleka Florida, katika shule iitwayo Bolles, akafunzwe na mwalimu Gregg Troy. Huko Seoul, katika mita 100 mtindo wa kipepeo, alikutana na Matt Biondi wa Marekani, ambaye wengi waliamini kuwa dhahabu imekwisha kuwa yake. Biondi alitangulia. Alipokaribia ukuta, akajikuta yuko katikati ya pigo moja na jingine, akachagua kuteleza kwa mwendo aliokuwa nao badala ya kuongeza mkono. Nesty akaugusa ukuta kwa sekunde 53.00. Biondi akaugusa kwa 53.01. Huyo ndiye mtu mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki katika shindano la muogeleaji mmoja mmoja. Mwaka 1992 akaongeza shaba, na nishani hizo mbili ndizo Suriname ilizopata katika historia yake yote ya Olimpiki.

KHALIFA WA MIAKA ISHIRINI

Wengi hukomea hapo, kwenye dhahabu. Mimi naona hadithi ndipo inapoanza.

Katika vyuo vyetu, mwanafunzi aliyehitimu hakupewa chuo chake papo hapo. Alikuwa khalifa kwanza. Alikaa pembeni mwa mwalimu, akawasikiliza wadogo, akasahihisha mbao zao, akajifunza ni nani hufunzika kwa upole na ni nani kwa kukazwa. Nesty naye, mwenye dhahabu ya Olimpiki shingoni, alikuwa khalifa. Alirudi katika Chuo Kikuu cha Florida, alikokuwa amesoma, akawa msaidizi wa Gregg Troy yule yule aliyemfunza utotoni. Akakaa katika daraja hiyo karibu miaka 20. Ni mabingwa wangapi wangeikubali kazi ya kushika saa ukingoni alfajiri kwa miaka 20, huku jina kubwa ni la mwingine?

Mwaka 2018 Troy alipong'atuka, Nesty akakabidhiwa timu ya wanaume ya chuo hicho, na mwaka 2021 akaongezewa ya wanawake. Katie Ledecky, aliyekwisha kuwa bingwa wa Olimpiki mara kadhaa, alihamia kwake mwaka huo wa 2021. Bobby Finke, mwanafunzi wake mwingine, alishinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 kwa dakika 14 na sekunde 30.67, rekodi ya dunia. Na katika michezo hiyo ya Paris, Marekani ilimfanya Nesty mwalimu mkuu wa timu yake ya wanaume, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Taifa la Biondi lilimkabidhi vijana wake yule yule aliyemshinda Biondi miaka 36 nyuma.

Ereng naye alikwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 2003 aliingia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kuwa mwalimu wa mbio za nyika na za masafa. Vijana wa huku nyanda za juu wakamfuata. Anthony Rotich alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, kuanzia 2013. Emmanuel Korir alitwaa ubingwa huo wa vyuo katika mita 800 mwaka 2017, na mwaka 2021 akashinda dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo katika mbio zile zile alizoshinda mwalimu wake mwaka 1988. Hiyo ndiyo isnadi iliyotimia.

NA SISI WA BAHARI?

Hapa ndipo linaponiuma. Muogeleaji wa Kenya aliyefika mbali zaidi ni Jason Dunford. Mwaka 2008, Beijing, alikuwa Mkenya wa kwanza kuingia fainali ya kuogelea katika Olimpiki, akawa wa tano katika mita 100 za kipepeo. Mwaka 2010, Delhi, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50. Huyu hakutoka Lamu, wala Malindi, wala Mombasa. Alizaliwa Nairobi, akaendelea katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Na kidimbwi kikubwa cha taifa kiko Kasarani, Nairobi, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987.

Mtoto wa pwani hujifunza kuogelea kwa kuiga au kwa kusukumwa gatini na wakubwa zake. Akiweza kulifikia dau na kurudi, basi, amehitimu. Wa kike, mara nyingi, hata hapo hafiki, kwani akivunja ungo bahari huwa kitu cha kutazamwa tu.

Wala jambo hili si la nishani peke yake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa njiani kuingia Mombasa. Watu 272 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu. Sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote, maana chombo kilipakiwa kupita kiasi, na mtu aliyenaswa ndani hasaidiwi na ufundi. Lakini ni aibu kwa watu wanaovuka maji kila siku kwamba wengi wao wakitumbukia hawana la kufanya ila kumshika aliye karibu na kuzama naye.

Wako watakaosema michezo hii ni ya Wazungu. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar, Allah amuwie radhi, aliamuru watoto wafunzwe kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Na juu ya mabinti, huko Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umewafunza wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayostiri mwili wote, nao waliofunzwa wakawa walimu wa wenzao. Picha zao zilitunzwa katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Heshima haikuvunjwa, na mtoto akatoka majini salama.

Basi tusingoje kujengewa kidimbwi cha mamilioni. Tunazo hori na maji yaliyotulia nyuma ya miamba, na tunazijua siku za maji mafu na za bamvua kuliko mtu yeyote. Wavuvi na wazamiaji wetu wanalo pumzi ambalo wengine hulitafuta kwa miaka. Wasilokuwa nalo ni daraja ya pili, ya kufunzwa namna ya kufunza: kumzoesha mtoto kuelea, kumpangia hatua, kumwokoa anayezama bila kuzama naye. Kamati za misikiti na vyuo vyetu zinaweza kuwachagua wachache, wanaume kwa wavulana na wanawake kwa wasichana, na kuwalipia mafunzo hayo, kama zinavyowalipia wanaokwenda kusomea dini.

Bingwa pengine tunaye tayari, na saa hii yuko ngalawani anavuta nyavu. Lililobaki ni kumpa wanafunzi.