Maktaba ya Picha na Programu Nyepesi ya Kuitunza

Mwaka 2004 kampuni ya Google iliinunua Picasa, programu ndogo ya kupangia picha, ikaigawa bure kwa kila aliyeitaka, na kwa muda wa miaka zaidi ya kumi watu wasio na idadi wakaikabidhi hazina zao, hata mwaka 2016 kampuni ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Picha zenyewe hazikupotea, kwa kuwa zilikuwa zimo katika folda za wenyewe, na maelezo yaliyoandikwa chini yake yalisalimika, kwa sababu Picasa iliyatia ndani ya faili. Lakini albamu, ambazo watu walikesha wakizipanga, zilikaa katika kanzidata ya programu, na alama za nyota za picha bora zikabaki katika vijifaili vya pembeni ambavyo aghalabu programu nyingine hazikuvijali.

Kisa hicho ndicho kipimo ninachokitanguliza mbele ya vipimo vingine vyote: programu njema ni ile inayoandika habari za picha ndani ya picha yenyewe, ili siku mwenye mali atakapoihama, jina la bibi arusi na la mji alikoolewa lisizikwe pamoja nayo. Jambo hili lawezekana, madhali tangu mwaka 1995 kuna kanuni ya Exif, iliyowekwa huko Japani, ambayo kwayo kila picha hubeba tarehe, saa, aina ya kamera, na katika simu za siku hizi hata mahali ilipopigwa. Na mwaka 2001 Adobe ikaleta XMP, inayopokea lebo na maelezo kwa lugha yoyote. Picha zipitazo WhatsApp kwa njia ya kawaida huvuliwa habari hizo, na tarehe iliyo katika jina kama IMG-20190814-WA0003 si ya siku ilipopigwa. Hivyo picha ya babu ya mwaka 1964, iliyotumwa na shangazi, hujipanga kati ya picha za 2019 mpaka mwenyewe aisahihishe kwa mkono. Kwa picha iliyopigwa kwa simu, heri kumwomba mtumaji aitume kama hati, ifike na habari zake zote.

Ama uzito, picha 20,000 za megabaiti 4 kila moja ni gigabaiti 80, na hakuna programu iwezayo kuzisoma zote kila ifunguliwapo; hutengeneza vijipicha vidogo na kuviweka akiba, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi siku ya kwanza, baada yake ikawa rahisi. Kinacholemea kompyuta kuukuu hasa ni kazi kama ya kutambua nyuso.

Mtu wa Windows asiidharau IrfanView, aliyoitoa Irfan Škiljan, mzaliwa wa Jajce huko Bosnia, mwaka 1996: ukubwa wake ni megabaiti chache tu, hufunguka mara moja, na hubadili majina ya mamia ya picha kwa amri moja, ila ni chombo cha kutazamia zaidi kuliko cha kutunzia maktaba. XnView MP hufika mbali zaidi, nayo hutumika katika Windows, Mac na Linux. Shotwell ya Linux hupanga picha kwa tarehe vizuri sana, lakini ruhusa ya kuandika lebo ndani ya faili huja imefungwa, na sharti mwenyewe aingie katika mipangilio aifungue kabla hajaweka lebo maelfu. digiKam ni nzito kuliko hizo, ila kwa mwenye picha laki moja ndiyo niionayo kamili, na kazi ya nyuso si lazima kuitumia.

Kabla ya kuikabidhi programu yoyote mali yote, na anakili picha mia katika folda ya majaribio, aziwekee lebo, kisha afungue folda hiyo kwa programu nyingine. Lebo zisipoonekana huko, aitafute nyingine. Fauka ya hayo, atazame majina ya faili, kwani kamera huhesabu kutoka 0001 hadi 9999 kisha huanza upya, na picha mbili za miaka tofauti huitwa IMG_4387. Azitiaye katika folda moja akakubali kubadilisha ya zamani kwa mpya, hupoteza moja. Jina lianze kwa mwaka, mwezi, siku na saa, mathalan 20110806_161530, na folda itajipanga yenyewe hata pasipo programu yoyote.